Mzinga hauna macho: nani anauambia upige wapi?



Mdogo wetu mmoja wa L2 aliuliza swali ambalo wengi walilicheka, miye sikucheka: "Kaka, hii mizinga inayopiga toka nyuma ya mlima, yule anayefyatua anaona nini?" Jibu fupi: haoni kitu. Anaona kilima mbele yake, majani, pengine mgongo wa mwenzake anayebeba kombora lingine. Kombora linakwenda kilometa kumi, kumi na tano, na aliyelituma hatajua limeanguka wapi mpaka mtu mwingine amwambie. Kwa hiyo swali lenyewe njo hili: huyo mtu mwingine ni nani, anakaa wapi, anaongea namna gani na watu wa mizinga, na neno lake lina uzito gani? Sisi watu wa Kivu tumesikia milio hiyo vya kutosha. Naona ni haki yetu kujua na historia yake. Miye ni mtu wa historia, si askari, kwa hiyo nitaeleza kama mtu wa vitabu, wenye kujua zaidi watanisahihisha hapo chini.

Kwa miaka mingi swali hilo halikuwepo kabisa. Mzinga uliwekwa mbele, mpigaji anaangalia, anaona adui, anapiga. Ilikuwa sawa na bunduki, ila kubwa. Mambo yaliharibika mwisho wa karne ya 19, juu bunduki za askari wa miguu zilianza kufika mbali na kupiga haraka. Tarehe 15 Desemba 1899, huko Colenso, Afrika ya Kusini, Kanali Charles Long wa jeshi la Waingereza aliweka mizinga 12 peupe, karibu na mto Tugela, sawa vile alivyoamini mizinga inapaswa kupigana. Makaburu walikuwa wamejificha ng'ambo ya mto na bunduki zao. Watu wa mizinga waliangushwa mmoja mmoja mbele ya mizinga yao. Luteni Frederick Roberts, mtoto wa jenerali Lord Roberts, alipata jeraha la kumuua akijaribu kuiokoa. Jioni ilipofika, 10 kati ya ile mizinga 12 ilikuwa ya Makaburu.

Basi mzinga ukafichwa. Ila mzinga uliofichwa ni kipofu. Katika vita vya Urusi na Japani, 1904 mpaka 1905, watu waliona dawa yake: mizinga nyuma ya kilima, mtu mwenye darubini juu ya kilima, na katikati yao waya wa simu. Kwa karatasi ni rahisi. Lakini fikirini yule mwenye darubini anasema nini kwenye simu. "Pigeni kushoto kidogo." Kidogo ni ngapi? Na kushoto kwa nani, kwangu miye niliye huku pembeni, ao kwako wewe uliye nyuma? Kama mimi ninaangalia shabaha toka upande wa mashariki, na wewe unaipiga toka kusini, kitu ambacho kwangu ni "kulia" kwako kinaweza kuwa "mbali zaidi". Watu wawili wenye akili timamu, wanaongea lugha moja, na kombora linaangukia watu wao wenyewe. Kifaa kilipatikana mapema, simu na baadaye redio. Lugha ndiyo ilichelewa.

Septemba 1914, kwenye mto Aisne kule Ufaransa, maofisa wawili vijana wa jeshi la anga la Waingereza, Donald Lewis na Baron James, walianza kutuma masahihisho ya mizinga toka ndani ya ndege kwa telegrafu isiyo na waya. Toka kazi ya namna hiyo kulitokea mfumo wa saa. Weka shabaha katikati ya saa ya ukutani, 12 iwe kaskazini (hapa ni saa ya Kizungu, usichanganye na saa sita yetu). Chora duara kuizunguka, kila duara na herufi yake: Y ni yadi 10, Z ni 25, A ni 50, B ni 100, C ni 200, na kuendelea mpaka F, yadi 500. Kombora likianguka yadi 100 mashariki ya shabaha, mwangalizi anagonga tu "B 3". Herufi moja na namba moja. Hakuna kushoto wala kulia, hakuna "kidogo". Kaskazini ni kaskazini kwa watu wote. Miye ninaona hiyo ni moja ya sarufi nzuri sana zilizotungwa katika vita ile, na haikutungwa na mtu wa lugha.

Sasa twende karibu na kwetu, maana mfano ambao wanafunzi wa historia wanapaswa kuujua zaidi ulitokea pwani ya Tanzania, katika delta ya mto Rufiji.

Meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Zanzibar asubuhi na kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus. Kisha ikapotea. Mkuu wake, Max Looff, aliiingiza ndani ya delta, katikati ya mikoko, ambako meli kubwa za Waingereza hazikuweza kumfuata juu ya maji mafupi. Waingereza waliipata mwisho wa Oktoba, wakaziba mlango wa mto, na wakabaki hapo baharini miezi na miezi. Walijua iko wapi, ila toka baharini hakuna mzinga wao uliofika vizuri, na hata kama ungefika, hakuna aliyeona kitu zaidi ya miti.

Waliletewa vitu viwili. Cha kwanza, meli mbili fupi za mtoni, Severn na Mersey, ambazo zilijengwa kwanza kwa ajili ya Brazili, zenye tumbo la chini kiasi kwamba ziliweza kupita kwenye maji yasiyofika mita mbili. Zilivutwa kwa kamba toka Malta mpaka huku. Cha pili, ndege. Ndege za kwanza zilishindwa na joto na unyevu wa pwani. Mwezi wa sita 1915 zilifika nyingine, zikatumia uwanja uliotengenezwa kisiwani Mafia, ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka Januari ya mwaka ule.

Tarehe 6 Julai 1915 meli zile mbili ziliingia mtoni, zikatia nanga, zikaanza kupiga toka umbali wa kilometa kama kumi. Hakuna hata mpigaji mmoja aliyeiona Königsberg. Ndege iliyokuwa juu ilipaswa kuwa macho yao. Walipiga makombora 635 siku ile. Yaliyoipata meli yanahesabika kwa vidole vya mkono. Kwa nini? Sababu moja ilikuwa matope na mikoko: kombora linazama, halionyeshi moshi, mwangalizi hana kitu cha kuripoti. Ila sababu kubwa ilikuwa ya kijinga zaidi, na njo inayonipendeza kuifundisha: meli mbili zilipiga kwa wakati mmoja. Mwangalizi anaona moshi, anatuma "fupi mno". Nani yuko fupi? Severn ao Mersey? Kila meli inafikiri imeambiwa yenyewe. Ile iliyokuwa fupi inaongeza, ile iliyokuwa sawa nayo inaongeza, inapotea. Masahihisho yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa na anwani.

Wajerumani nao hawakulala. Walikuwa na waangalizi wao kwenye miti ukingoni mwa mto, wanaripoti kwa Looff. Siku ile mizinga ya Königsberg ilipiga vizuri kuliko ya Waingereza. Mersey ilipigwa na kupoteza watu. Kisha watu wa Severn waliona jukwaa ndani ya mti, wakalipiga. Toka hapo mapigo ya Königsberg yakaanza kwenda ovyo. Mizinga ilikuwa ileile, wapigaji walewale. Kilichokosekana kilikuwa mtu mmoja juu ya mti.

Tarehe 11 Julai walirudi na sheria mpya: moja ikipiga, nyingine inanyamaza. Severn ilianza. Juu yake, ndani ya ndege aina ya Henri Farman, rubani alikuwa John Cull na mwangalizi H. J. Arnold. Arnold alituma sahihisho baada ya sahihisho, na mapigo yakaanza kuikaribia meli mpaka akatuma herufi mbili, HT, maana yake limepiga. Kisha HT tena. Tena. Wajerumani walielewa vizuri hatari iko wapi, mizinga yao mingine ikaelekea juu, na kipande cha chuma kikaharibu injini ya ndege. Cull akaanza kushuka bila injini, kama jani. Arnold aliwajulisha wa chini kwamba wamepigwa, watume mashua. Na hapa njo ninapomheshimu: aliendelea kugonga. Aliona makombora yote yanaangukia sehemu ya mbele ya meli, basi, akishuka namna ile, akatuma sahihisho la kuyarudisha katikati. Ndege ikaanguka majini karibu na Mersey, ikapinduka, wote wawili wakatolewa hai.

Königsberg iliwaka moto. Looff aliamuru izamishwe na watu wake wenyewe. Lakini mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam kuwekewa magurudumu, ikaendelea na vita ya nchi kavu, ikivutwa kwenye mapori na jasho la wapagazi Waafrika ambao majina yao vitabu vingi havina. Mmoja uko leo mbele ya Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria.

Na mmoja ulikuja mpaka ziwani kwetu. Uliwekwa juu ya meli Graf von Götzen, iliyounganishwa Kigoma mwaka 1915 (ndiyo, ni ileile ambayo baadaye iliitwa Liemba). Wabelgiji walioshika Albertville, leo Kalemie, waliuhofia sana. Hata Mwingereza Spicer-Simson, aliyezivuta mashua zake mbili kwa nchi kavu kupitia Katanga na kuteka Kingani siku moja baada ya Noeli ya 1915, alikataa kuishambulia Götzen. Katika 1916 jeshi la Wajerumani la nchi kavu liliuchukua ule mzinga kwa ajili yake, na pale juu ya meli wakaweka wa bandia. Kutoka mbali nani atatofautisha? Ndege za Wabelgiji, zilizoruka toka ng'ambo yetu karibu na Mtoa, zilianza kuishambulia Kigoma mwezi wa sita 1916, na Force Publique ikaingia mji ule mwisho wa Julai. Kumbe kitu walichokiogopa hakikuwepo tena. Bila jicho la karibu, hata mzinga wa bandia unapigana vita.

Baada ya vita ile, majeshi makubwa yalikaa chini kuandika upya lugha hii, na hapo yakaachana njia juu ya jambo moja ambalo miye ninaona ni la siasa kuliko la ufundi: yule wa mbele anaamuru ao anaomba?

Waingereza walichagua kuamuru. Kwao mkuu wa kikosi cha mizinga mwenyewe aliiacha mizinga nyuma kwa wadogo wake, akaenda mbele kukaa na askari wa miguu. Aliyeona ndiye aliyekuwa mkubwa. Akisema kwenye redio kwamba ni shabaha ya rejimenti, mizinga 24 inamgeukia. Akitaja neno la divisheni, 72. Wa nyuma hawaulizi juu ya nini.

Wamarekani walichagua kuomba. Katika shule yao ya mizinga, Fort Sill, Oklahoma, kati ya 1929 na 1934 hivi, maofisa kama Carlos Brewer na Orlando Ward walitengeneza kituo cha kuongoza mizinga: chumba chenye ramani, meza za hesabu na watu wanaopokea maombi ya waangalizi wengi kwa mara moja. Mwangalizi alikuwa mara nyingi luteni mdogo, kijana wa umri wenu, mwenye darubini, ramani na redio. Hakuamuru mtu. Aliomba. Kituo kinapima: kuna makombora? Kuna wenzetu karibu na pale? Kuna mwingine mwenye shida kubwa zaidi? Kisha kinajibu ndiyo ao hapana. Uzuri wake, wakisema ndiyo, yule kijana mmoja anaweza kupewa mizinga ya vikosi vitatu vinne ambavyo hata havijui viko wapi. Tena hesabu ya "kushoto kwa nani" ilihamia kwenye kile chumba: mwangalizi anasema kama anavyoona yeye, wenye meza wanageuza ziwe namba za mzinga.

Ombi lenyewe lina mpangilio ambao haubadiliki, hata mtu akiwa anatetemeka. Nimetunga mfano kwa Kiswahili ili muusikie:

"Simba Moja, hapa Tai Tatu. Rekebisha mapigo. Pokea."
"Tai Tatu, hapa Simba Moja. Rekebisha mapigo. Nimesikia."
"Namba za ramani 458 712. Pokea."
"Namba za ramani 458 712. Nimesikia."
"Askari wa miguu kama thelathini, wanachimba mahandaki kando ya barabara. Pokea."
"Askari wa miguu kama thelathini, wanachimba mahandaki kando ya barabara. Nimesikia."

Mnaona jinsi wa pili anavyorudisha kila neno? Mtu asiyejua atasema wanapoteza muda. Hapana, bana. Ile 458 712 ikisikika 485 712 ni kijiji kingine. Anayeomba husikiliza maneno yake yakirudi, na akisikia kosa analikata palepale. Jina langu kwanza, kisha mahali, kisha nilichokiona kwa macho. Ni lazima aseme kilichopo pale. Hawezi kutaja mahali tu akakaa kimya.

Kisha kombora moja linatumwa. "Limetoka." Sekunde chache kabla halijafika: "Linafika," ili ainue darubini wakati unaofaa. Likianguka mbele ya shabaha: "Kulia hamsini, ongeza mia nne." La pili likipita nyuma: "Punguza mia mbili." La tatu fupi: "Ongeza mia." Anaibana shabaha katikati, kila mara nusu ya kipimo cha kwanza, mpaka abakize hamsini. Hapo njo anaomba mizinga yote ipige pamoja. Adui akiwa ndani ya mita 600 toka kwa wenzake, Wamarekani wanamtaka aseme wazi kwamba ni hatari, ni karibu, kusudi wa nyuma wapige kwa uangalifu mara mbili.

Kuna neno moja ambalo haruhusiwi kulitumia ovyo: "rudia". Kwa watu wa mizinga wa jeshi la Marekani na wengine wanaofuata utaratibu wao, "rudia" maana yake piga tena palepale, kiasi kilekile. Kama hukusikia vizuri, unasema "sema tena". Fikiri kijana mgeni kwenye redio, hajasikia vizuri, anaita "Rudia! Rudia!" na makombora yanakuja.

Sasa nisimamishe vita za wenyewe nirudi Goma. Mnamo 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa vita za Lac Vert na Mugunga, pembeni ya mji. Watu waliuawa, watoto wakiwemo, waliokuwa wamekimbia vita mara moja tayari. Kila upande ulinyooshea mwingine kidole. Sitaamua hapa nani alipiga, ukurasa huu si tribinali. Ila mtu aliyesoma historia hii anajua swali la kuuliza: nani alikuwa anaangalia? Ama hakukuwa na mtu, walipiga kwa kukisia. Ama alikuwepo akakosea mahali. Ama alikuwepo na aliona vizuri ni watu gani wako pale. Hayo ni makosa matatu tofauti, na si mzigo uleule mbele ya sheria. Protokoli ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, kifungu cha 57, inamdai anayepanga shambulio afanye kila linalowezekana kuhakikisha shabaha si raia. Kuna silaha zinazofanya jambo hilo kuwa gumu kwa asili yake: gari la Grad linamwaga roketi 40 kwa sekunde kama 20, mpaka kilometa kama 20, na zinatawanyika. Sahihisho utaliingiza wapi, wakati zote zimekwisha kutoka?

Tena kuna jambo ambalo wanahistoria tungelipigania. Ombi lililofanywa kwa utaratibu linaacha alama: jina la aliyeomba, saa, namba za ramani, maelezo ya alichodai kukiona, jina la aliyekubali. Hiyo ni arshivu. Mapigo ya kukisia hayana arshivu, na njo maana miaka inapita, jamaa wanazika watu wao, na hakuna karatasi hata moja ya kuweka mezani. Kwa hiyo wale kati yenu wanaoandika memuare juu ya vita zetu, msiulize paka nani alikuwa na mizinga. Ulizeni na nani alikuwa na redio.

Namaliza na mtu mmoja, juu baadhi yenu mtadhani waangalizi hawa wote walikuwa Wazungu.

John R. Fox alizaliwa 1915 huko Cincinnati, Marekani, mtu mweusi, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Wilberforce, Ohio. Mwaka 1944 alikuwa luteni kule Italia katika rejimenti ya 366, watu weusi, katika jeshi ambalo lilikuwa bado linawatenga kwa rangi. Asubuhi ya 26 Desemba 1944 alikuwa mwangalizi katika kijiji cha milimani cha Sommocolonia. Wajerumani waliingia kwa wingi. Wenzake wengi waliondoka. Yeye alijitolea kubaki na kundi dogo, ghorofa ya pili ya nyumba, akiangalia mitaa inajaa askari.

Aliomba mapigo. Kisha akayasogeza karibu. Kisha karibu zaidi. Upande wa pili wa redio kulikuwa na rafiki yake, Luteni Otis Zachary. Fox alipotoa sahihisho la mwisho, wa nyuma walipiga hesabu na wakaona linaangukia nyumba anamokaa yeye mwenyewe. Mpangilio niliowaeleza, ule wa kurudisha maneno na kuhakikisha, uliwekwa kuzuia jambo la namna hiyo lisitokee kwa kosa. Walimuuliza. Akathibitisha. Alisema wapige, Wajerumani ni wengi kuliko wao. Ikabidi wamwamini, juu yeye ndiye aliyekuwa anaona.

Kijiji kiliporudi mikononi mwa wenzake, mwili wake ulikutwa hapo, na karibu yake miili ya Wajerumani kama 100. Alichelewesha shambulio kiasi cha wenzake kujipanga upya. Watu wa Sommocolonia walimjengea ukumbusho pamoja na Waitaliano wanane waliokufa siku zile. Jeshi lake halikumpa nishani yoyote ya ushujaa mpaka 1982. Ile ya juu kabisa, Medali ya Heshima, ilitoka tarehe 13 Januari 1997, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba katika vita ile askari weusi walinyimwa kwa sababu ya rangi yao. Walipewa saba siku ile. Sita walikuwa wamekwisha kufa. Ya Fox ilipokelewa na mjane wake, Arlene, miaka 52 baada ya lile sahihisho la mwisho.